Kipande cha Mgeni

11 Machi

"Sisi hatuji na maoni, tunakuja na vipimo. Mwisho wa msimu shamba lenyewe litasema."

Ndivyo alivyotuambia leo mtafiti wa kituo cha kilimo, amesimama mbele ya ghala la ushirika na buti ambazo hazijaonja tope. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Shamba halisemi. Nimeamka nalo tangu utoto na halijanipa hata salamu. Anayesema ni mtu aliyesimama kando ya shamba, na mtu huyo ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana haraka. Vipimo navyo havijipimi. Kuna mkono ulioshika kamba, na mkono huo unaweza kuvuta na unaweza kulegeza. Nikanyoosha wangu niyaseme hayo. Mwenyekiti akanitazama kwa jicho la mtu anayeumwa jino.

"Mwalimu, leo muda hautoshi."

Kila ninaponyoosha mkono, muda hautoshi.

Jambo lenyewe liko hivi. Kituo kimeleta mbegu mpya ya mahindi. Wanachama kumi na wawili watatoa kila mmoja vipande viwili vinavyopakana. Kimoja kitapandwa mbegu ya kituo, kingine mbegu yetu nyekundu, ile ambayo mama yetu aliichagua gunzi kwa gunzi maisha yake yote, na ambayo tangu afariki inachaguliwa na wifi yangu. "Kazi nyingine zote mzifanye kama kawaida yenu," alisema mtafiti. Baada ya mavuno tutapiga kura. Mbegu mpya ikishinda, wanachama wote watapanda hiyo, na chumba cha mbegu cha ushirika kitatolewa nyekundu kiingizwe mpya.

Kuna aliyenong'ona nyuma yangu, "Si apande nyekundu yake kwake, nani kamzuia?" Huyo halimi, anaegemea jembe tu. Chavua ya mahindi haina adabu ya mipaka. Nyekundu ikizungukwa na mashamba ya mbegu nyingine pande zote, misimu miwili mitatu haitakuwa nyekundu tena. Kura ikipita, imekwisha kwetu sote, hata kwa aliyeikataa.

Aliyekuwa wa kwanza kutoa shamba ni kaka yangu, mume wa wifi huyo huyo. Wa kwanza! Alisimama haraka kama aliyeitwa kupokea zawadi.

14 Machi

Wamekuja kupima kwetu. Mtafiti ana kamba ya bluu yenye mafundo, haitoki mkononi. Wifi ameshampa jina, Bwana Kamba. Nilimuuliza mbegu yake itakaa upande gani, wa juu au wa chini.

"Tunarusha sarafu, mama, ili pasiwe na upendeleo."

"Sarafu ya nani?"

"Ya... yangu."

"Weka mfukoni."

Nikatoa yangu. Kaka akajishika kichwa. "Dada, jamani. Mgeni huyu."

Sarafu yangu ikampa upande wa juu, karibu na barabara, ambako kila mpita njia anaona. Bwana Kamba akatabasamu kidogo. Sikulipenda tabasamu lile.

22 Machi

Tumepanda. Yaani wamepanda. Nyonga yangu, iliyonitoa darasani kabla ya wakati, hainiruhusu kuinama. Nilikaa kwenye kiti nikasimamia.

30 Machi

Yameota katika vipande vyote viwili, sawasawa, kama meno ya kitana. Usawa huu unanitia wasiwasi.

3 Aprili

Gari la kituo limepita. Nyuma kuna gunia jeupe limefungwa mdomo. Nimemuuliza dereva kuna nini. "Vifaa." Mtu akikujibu kwa neno moja, lipo la pili amelimeza.

Nimehamishia meza yangu dirishani. Wao wana kamba, mimi nina macho.

12 Aprili

Kaka na wifi wameanza palizi. Wameingia kipande cha Bwana Kamba tangu asubuhi, wamekimaliza jioni, hakina jani la gugu. Sikuwatazama sana. Nilikuwa natazama barabara.

13 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Mvua. Udongo unang'ang'ania jembe. Kaka yuko mlangoni, anaangalia mbingu kama inamkosea yeye binafsi.

19 Aprili

Mvua tena. Gunia jeupe limepita tena, limefunikwa turubai. Nani hufunika vifaa?

24 Aprili

Imekatika. Hatimaye wamepalilia kipande cha nyekundu. Magugu yalikuwa yamefika magotini, wifi anayang'oa kwa mkono huku anayatukana.

28 Aprili

Sasa tofauti inaonekana hata kwa kipofu. Kipande cha juu kijani kilichokolea, mabua manene. Chetu njano, mabua membamba, kama watoto waliotoka kuumwa. Yamesimama mita mbili tu kutoka kwa wenzao, udongo mmoja, mvua moja, siku moja ya kupandwa.

"Wifi," nikamwambia, "mtu anaweka mbolea."

Alikuwa anaosha miguu kwenye ndoo. Hakuinua kichwa. "Lini, na wewe umekaa hapo dirishani kutwa nzima?"

"Usiku."

"Usiku mbwa wangebweka."

"Mbwa wako anampenda kila mwenye gari."

Akacheka. Baadaye aliniambia taratibu, "Nyekundu ikishindwa msimu huu, wifi, mimi sina kazi nyingine ninayoijua." Mama alimfundisha kazi hiyo alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi: gunzi lipi libaki, lipi liliwe. Hajawahi kukosa hata msimu mmoja.

Nimeshawashwa moto. Nitasema mkutanoni.

2 Mei

Nimesema, na ninaandika haya nikiwa bado nasikia vicheko.

Mkutano wa ushirika ulikuwa umejaa. Bwana Kamba alikuja kutoa taarifa ya katikati ya msimu: mashamba karibu yote, mbegu mpya iko mbele. Nikasimama bila kupewa nafasi. Nikasema kituo kinatufanya watoto. Nikasema nimesoma vya kutosha kujua kwamba mwenye kuuza dawa hapaswi kuwa ndiye mwenye kupima homa. Nikasema gunia jeupe lina mbolea na linamwagwa kwenye vipande vya kituo sisi tukiwa tumelala. Kwa dakika chache ukumbi ulikuwa wangu. Niliviona vichwa vikitikisika.

Bwana Kamba hakubisha. Alimwita dereva. Dereva akalishusha gunia, akalifungua, akalimimina sakafuni mbele ya miguu yangu. Vigingi. Bendera za plastiki. Mabunda ya mifuko ya karatasi ya kuwekea udongo, ambayo ndiyo sababu ya turubai, maana karatasi hailali na mvua.

Halafu fundi wa gereji, ambaye naye ni mmoja wa wale kumi na wawili na ambaye sisi humwita Gereji tu, akaokota kigingi.

"Mwalimu, hebu onja. Mbolea hii ni ya kupandia au ya kukuzia?"

Paa likataka kung'oka. Hata mwenyekiti alifuta machozi. Kaka yangu alitazama chini. Niliomba radhi kwa maneno matatu, nikaondoka.

Bwana Kamba peke yake hakucheka. Alinifungulia mlango. Mtu uliyemwita mwizi mbele za watu akakufungulia mlango, ana nini moyoni? Sijatulia.

8 Mei

Wakubwa wa kituo wamekuja na kamera. Kaka amepigwa picha katikati ya kipande cha juu, kofia mpya kichwani. Wanamwita mkulima wa mfano. Wifi alikuwa ndani anachambua maharage, hakutoka.

16 Mei

Leo nimejua. Naandika polepole ili nisiongeze hata chembe. Nilishaongeza vya kutosha mwezi huu.

Nilikwenda kwa fundi cherehani, jirani yetu, kuchukua gauni. Naye ana vipande vya majaribio. Cherehani ilikuwa imefunikwa, mlango wazi, mwenyewe yuko shambani. Nikazunguka nyuma. Alikuwa anafanya palizi ya pili, anapandishia udongo kwenye mashina ya kipande cha kituo, kwa unadhifu wa mtu anayepinda ukosi. Upande wa pili, kwenye nyekundu yake, magugu yalikuwa yanacheza na upepo.

"Fundi, za kazi?"

"Nzuri, Mwalimu. Gauni tayari, subiri nimalize mstari."

"Huku kwingine utapalilia lini?"

"Nikipata nafasi. Jumatano watu wa kituo wanapita."

"Na ile palizi ya kwanza, ulianza wapi?"

Akanyooka, akaniangalia kama nimemuuliza anavaa kiatu mguu gani. "Hapa. Ningeanza wapi? Ya mgeni iko barabarani, na magugu, mtu anapita anasema nini? Kisha mvua ile ikanifungia ndani, siku kumi na zaidi. Ya kwangu ikasubiri. Ya kwangu si yangu?"

Nilikaa kwenye tuta. Gauni nililisahau.

Nilikuwa dirishani! Niliwaona kaka na wifi kwa macho yangu wakiingia kipande cha juu, niliandika humu humu, na sikuona, kwa sababu nilikuwa natafuta mwizi. Mahindi machanga yakiachwa na magugu siku kumi na zaidi katika umri ule hayarudishi tena yalichopoteza. Hilo lipo vitabuni na lipo shambani. Hapakuwa na mbolea. Kulikuwa na adabu.

Jioni nilimkalisha kaka sebuleni.

"Kipande cha juu mlikianza kwa nini?"

"Dada, umeanza tena?"

"Nijibu tu."

"Si cha mgeni?"

"Mtafiti alisema mfanye kama kawaida."

"Na tumefanya kama kawaida! Mgeni yuko mezani, wewe unajipakulia kwanza? Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja, au wewe ulikuwa unasoma siku hiyo?"

Wifi, aliyekuwa mlangoni na taa, akasema, "Mume wangu. Basi hatukupima mbegu. Tumepima ukarimu."

Kofia mpya ilikuwa magotini mwa kaka. Aliizungusha, akaizungusha, akaenda kulala bila kula.

19 Mei

Nimepita mashamba yote ya majaribio kwa fimbo na nyonga hii. Wakulima kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walianza kipande cha kituo, kisha mvua. Mmoja aliniambia hata samadi kidogo aliirushia upande ule, "isiwe aibu."

Aliyebaki ni Gereji. "Mimi nilianza kwangu," alisema, mikono imejaa grisi. "Huyo mgeni kanikaribisha mimi wapi?" Kwake nyekundu imeipita ile mpya kwa kiganja. Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia. Shamba moja ni shamba moja. Huenda ni udongo wake. Huenda mbegu mpya ni bora kweli. Sijui. Wao pia hawajui, na hilo ndilo ninalotaka lisemwe.

"Utasema mkutanoni?" nikamuuliza.

"Niseme nini, kwamba mimi peke yangu sina adabu? Halafu Mwalimu, mimi ndiye niliyekucheka na kigingi. Leo nikusimamie?"

20 Mei

Jumatano. Nilimsubiri Bwana Kamba barabarani, nikamweleza kila kitu bila kupandisha sauti. Wifi anasema alidhani naumwa.

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyo kijana, na jinsi buti zake sasa zilivyochakaa.

"Magugu uliyaona?" nikamuuliza.

"Niliyaona, mama."

"Na ukaandika nini?"

"Nilidhani ndivyo mnavyolima."

Nilitaka kumpiga kwa fimbo. Msimu mzima mimi namdhania mwizi, yeye anatudhania wavivu, na kila Jumatano tunasalimiana.

"Sasa umejua. Andika."

Akafunga fundo kwenye kamba yake, akalifungua. "Nikiandika hivyo, msimu wote umekwenda na maji. Bosi wangu anataka matokeo kabla ya mwaka kuisha. Msimu mwingine sijapewa."

"Ndiyo tufunge chumba cha mbegu kwa sababu bosi wako ana haraka?"

"Wakisimama wakulima wenyewe mkutanoni wakasema, mbele ya mwenyekiti, nitalazimika kuandika, na nitaomba turudie, vipande vyote vipaliliwe siku moja. Lakini akisema mama peke yake..."

"Nitakuwa yule wa mbolea."

Akaikunja kamba yake. Sijui kama ni mwoga mwaminifu au mjanja anayeficha uamuzi wake nyuma ya migongo ya wakulima. Namwangalia.

2 Juni

Fundi kakataa. "Nisimame niseme mgeni nilimtunza ikawa kosa?"

9 Juni

Mwingine kakataa. Na mwingine. Huyu anaogopa kituo kisirudi, yule anaogopa kuonekana mwongo. Mwenye samadi amejificha nyuma ya nyumba, nikasikia kikohozi chake.

23 Juni

Kaka hazungumzi nami. Anazungumza na mbwa, kwa sauti, ili nisikie. "Kuna watu, wewe mbwa, hawajui kushukuru."

5 Julai

Jua. Mabua yamekauka.

27 Julai

Tumevuna. Bwana Kamba alipima mbele yetu kwa mizani ya kuning'iniza, na nilisimama karibu kiasi cha kusoma mshale. Alipima kwa haki. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Upande wa juu umetoa karibu mara mbili. Majirani waliimba. Kaka aliitwa mbele tena, akaenda taratibu, kofia hakuivaa.

31 Julai

Taarifa imebandikwa kwenye ubao wa ushirika. "Tofauti ni kubwa na ya wazi katika mashamba kumi na moja." La kumi na mbili, la Gereji, limeitwa "shamba lisilo la kawaida". Palizi haijatajwa popote. Kura ni Jumamosi ya tarehe 8.

4 Agosti

Wifi ameketi uani, lundo la magunzi mekundu mbele yake. Kila mwaka siku kama hii mikono yake hukimbia: hili kushoto, hili kulia. Leo ilikuwa mapajani.

"Nichague?" aliuliza. Hakumuuliza mtu fulani. "Au nisichague? Nichague ili niziweke wapi?"

Kaka alikuwa anafunga gunia. Akaacha. Akamtazama mkewe, kisha akanijia pale nilipokaa, mara ya kwanza tangu Juni.

"Dada, nikisimama mimi peke yangu, watasema nimesemeshwa na wewe."

"Watasema."

"Wakisimama wawili, mimi nitakuwa wa tatu."

"Kila mmoja ananiambia hivyo hivyo, kaka. Wote mnataka kuwa wa tatu."

Akatingisha kichwa. Wifi alichukua gunzi moja, akaligeuza, akalirudisha kwenye lundo.

6 Agosti

Ukurasa huu nitaunakili kwa herufi kubwa na kuubandika kwenye ubao wa ushirika, chini ya taarifa yao.

Kwenu nyinyi kumi na wawili mliotoa vipande, na wewe kaka yangu ukiwemo.

Mimi niliwahi kusema uongo mbele yenu. Sikuujua kuwa ni uongo, lakini ulikuwa uongo, na mlicheka, na mlikuwa na haki. Basi msiniamini mimi. Jiaminini nyinyi. Hakuna aliyewapalilia, majembe yalikuwa mikononi mwenu, na mvua iliwakuta mahali mnapopajua. Hakuna anayewaita waongo wala wavivu, isipokuwa taarifa hii mliyoinyamazia. Ikiliita shamba la Gereji lisilo la kawaida, inasema mazao yale ya nyekundu, yaliyonyongwa na magugu, ndiyo kawaida yenu. Mnakubali? Fundi, hiyo ndiyo kawaida yako, wewe unayefumua mshono mzima kwa sababu ya uzi mmoja? Gereji, wewe ulianza kwako. Sema hivyo kwa mdomo ule ule ulionichekea.

Kumtunza mgeni si kosa. Kosa ni kunyamaza wakati mgeni anahesabu utunzaji wenu kuwa nguvu ya mbegu yake. Adabu hiyo hiyo iliyowainamisha kwenye kipande chake iwasimamishe Jumamosi mumwambie ukweli, maana mgeni anayeondoka na jibu la uongo hamkumkirimu, mmemdanganya.

Sidai nyekundu ishinde. Nadai Jumamosi, kabla mwenyekiti hajaitisha kura, msimame wote kwa pamoja, asiwepo wa kwanza wala wa tatu, mseme mlianza kupalilia wapi. Kisha mdai msimu mwingine, jembe liingie vipande vyote viwili siku moja. Na nyekundu ikishindwa, ishindwe ikiwa imepaliliwa.